Kufuatilia ukoo wa mume na mke wa Kikuyu waliooana kabla ya 1900

Mume na mke waliooana Murang'a au Kiambu miaka ya 1880 hawakuacha cheti cha ndoa. Waliacha majina ya watoto wao, na kwa Wakikuyu majina hayo hutolewa kwa utaratibu maalum. Ukiupata utaratibu huo bila pengo, utawajua wazazi wa mume na wa mke kabla hujafungua daftari lolote. Kwa hiyo usikimbilie kanisani wala Nyaraka za Taifa. Anza na watoto.

Hatua ya 1: Orodhesha watoto, nyumba kwa nyumba

Tenga karatasi moja kwa kila mke. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na utaratibu wa majina ulianza upya katika kila nyumba. Ndiyo maana utakuta ndugu watatu wa baba mmoja wote wakiitwa Kamau, wakitofautishwa kwa jina la mama. Ukiwachanganya kwenye orodha moja, utadhani ni Kamau yuleyule aliyetajwa mara tatu, na nyumba mbili zitapotea.

Uliza nani aliachiana ziwa na nani, na uwataje waziwazi waliokufa wachanga, maana wazee wengi huwaruka wasipoulizwa. Mtoto mmoja akikosekana, majina yote yanayomfuata yatasomwa vibaya. Wanawake wazee hukumbuka mfuatano huu vizuri kuliko wanaume, kwa hiyo waulize wao kwanza.

Hatua ya 2: Soma majina

Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza hupewa la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Kuanzia wa tatu, majina hutoka kwa ndugu wa baba na wa mama kwa zamu.

Tuseme nyumba moja ina wavulana Kamau, Mwangi na Irungu, na wasichana Wambui na Nyambura. Mume ni mtoto wa Kamau na Wambui. Mke ni mtoto wa Mwangi na Nyambura. Irungu huenda ni kaka wa mume. Andika matokeo haya kwa penseli hadi yathibitishwe kwingine, kwa sababu pengine mtoto alipewa jina la utani la babu badala ya jina lake halisi.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani jina la kike linataja ukoo wa mwenye jina. Wanjiku ni jina la ukoo wa Agaciku, Wambui la Ambui, Wacera la Aceera. Lakini mwanamke aliyeitwa Wanjiku alirithi jina hilo kwa nyanya au shangazi yake, na yeye mwenyewe anaweza kuwa wa ukoo mwingine kabisa. Uliza ukoo wa baba yake.

Hatua ya 3: Weka miaka

Kamau wa Njoroge huzaa Njoroge wa Kamau, naye huzaa Kamau wa Njoroge. Bila miaka utamkabidhi mjukuu mambo ya babu. Tumia matukio: njaa kuu ya 1898 hadi 1900, iliyoitwa Ng'aragu ya Ruraya; reli kufika Nairobi mwaka 1899; vita vya 1914. Jina la rika alilotahiriwa nalo mume litakusaidia pia. Kadiria kwa umri wa mke, si wa mume: mwanamume aliweza kuoa mke wa mwisho akiwa mzee.

Hatua ya 4: Fuata mbuzi wa mahari

Uliza mahari ya mke yalipelekwa kwa nani na kijiji gani. Hapo utapata mbari yake, yaani tawi la ukoo lenye mwanzilishi mmoja. Ikiwa hakuna anayekumbuka mahari wala wajomba, uliza kwa upole kama alitoka kwa Wamaasai au Wakamba. Sotoka (ugonjwa wa ng'ombe) na ndui miaka ya 1890, kisha njaa ile, vilifanya wanawake na watoto wengi waachwe kwa Wakikuyu ili wapate chakula. Familia nyingine bado huona uchungu kulisema, kwa hiyo usiulize mbele ya wageni.

Hatua ya 5: Sasa tafuta maandishi

Mume na mke wenyewe huenda hawakubatizwa, lakini watoto wao waliobatizwa wakiwa watu wazima wanaweza kutajwa pamoja na wazazi. Anza na misheni iliyokuwa karibu: Thogoto (1898), Tuthu (1902), Weithaga (1903), Kahuhia (1906). Madaftari hufuata tarehe za ubatizo, si majina, basi nenda na mwaka wa kukadiria na miaka mitano kila upande. Ya Wakatoliki wa zamani ni ya Kilatini. Soma pembezoni pia, ndoa huandikwa hapo. Ukimtafuta Kariuki, angalia na Kaliuki.

Kwa Kiambu, usiache ushahidi wa Tume ya Ardhi ya Carter ya 1932, tume ya serikali ya kikoloni, ambako mbari nyingi zilieleza mwanzilishi wao na jinsi walivyopata ardhi. Kumbuka walikuwa wakidai mashamba, hivyo vizazi vinaweza kuwa vimenyooshwa.

Faili za mirathi mahakamani hupuuzwa, ilhali mara nyingi warithi huorodheshwa humo nyumba kwa nyumba, kwa kiapo. Matangazo yake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, hivyo ukipata namba ya kesi unaweza kuomba kuiona faili. Linganisha orodha hiyo na karatasi zako za hatua ya 1. Zikitofautiana, rudi kwa wazee na orodha zote mbili mkononi, uulize kuhusu jina moja moja.

Baba wa mke akishathibitishwa, nenda kwa mbari yake na ufungue karatasi mpya ya nyumba aliyozaliwa mke.