Ukuta kupishana kwenye jointi: namna ya kuzuia

Wiki iliyopita niliitwa Mikindani kuangalia fremu sita za maduka, ukuta mmoja wa mita 20. Jointi, yaani pengo la wima la kuupa ukuta nafasi ya kucheza, imeachwa katikati, sawa, lakini upande wa kushoto umejitokeza na wa kulia umezama. Kidole changu cha shahada kimelala humo kama kwenye ngazi. Nikauliza. Kumbe mafundi walikuwa wawili, kila mmoja na uzi wake.

Jointi yenyewe msiiondoe. Tofali za saruji husinyaa zikikauka, na jua nalo hutanua ukuta: joto likipanda nyuzi 20, mita 20 hurefuka kama milimita 4. Kwa bloku, acha jointi kila mita 6 hivi, upana milimita 10 hadi 12.

Hatua ya 1: Vuta uzi mmoja kona hadi kona, upite mbele ya jointi. Usiufunge katikati, hata kama mafundi ni watatu.

Hatua ya 2: Chora alama za kozi (mistari ya tofali) kwenye fito moja iliyonyooka, itumike pande zote. Udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ukizidi milimita 3 kila kozi, kozi ya kumi imeshapanda sentimita 3, na linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) haitakaa levo.

Hatua ya 3: Piga timazi kingo zote mbili za jointi, kila baada ya kozi tatu. Hapa ndipo wengi wanaporuka, maana macho yako kwenye kona.

Hatua ya 4: Weka foma laini (kama sponji) ndani ya jointi. Udongo ukidondokea humo, utoe siku hiyohiyo.

MASWALI

Lindi: Fundi, kwangu imepishana sentimita 2. Nibomoe?
— Piga timazi kwanza, kaka. Pande zote zikiwa wima, usibomoe. Upande uliozama upige lipu tabaka mbili au tatu, uanze kuinenepesha mita moja kabla ya jointi. Ukimwaga yote kwa mara moja itapasuka. Ukuta ukiwa umelala, shusha kozi hadi pale ulipoanzia kulala.

Masasi: Fundi wangu kapiga lipu juu ya jointi, anasema inapendeza.
— Ufa utajichora wenyewe hapohapo. Kata lipu kwa grainda kufuata jointi, jaza silikoni inayovutika.

Mtwara: Shikamoo fundi. Mchanga wa ufukweni je, uko karibu na kwangu?
— Marahaba mama. Hapana. Chumvi yake itakula nondo za linta.