Majina marefu ya vigeu kwenye Stata: fupisha jina, maana ipeleke kwenye lebo

Stata, programu ya kuchambua takwimu, inakubali jina la kigeu (variable) lenye herufi 32, basi. Jina elimu_ya_mkuu_wa_kaya_mwaka_2022 lina 32 kamili, linapita. Weka mapato mahali pa elimu: zimekuwa 33, na generate, amri ya kuunda kigeu, inakurudishia kosa r(198). Hata hilo lililopita lina shida yake. Amri ya list hufupisha majina hadi herufi 8, kwa hiyo utaliona elimu_~2. Na elimu_ya_mwenza_mwaka_2022 nalo litatokea elimu_~2. Utajuaje lipi ni la nani?

Hatua ya 1. Juu kabisa ya faili lako la amri andika:

set varabbrev off

Ukiruka mengine yote, hii usiiruke. Kwa kawaida Stata hukuruhusu kuandika mwanzo tu wa jina, ikamalizia yenyewe. Niliwahi kuwa na umri na umri_mama kwenye data moja. Nikaendesha drop umri, sawa. Baadaye nikauendesha mstari uleule tena. Kwa kuwa umri ilishaondoka, Stata ikaichukua umri_mama na kuifuta, kimya kimya. Nilikuja kugundua nikiwa kwenye jedwali la mwisho. Ukizima ufupisho huo, amri inagoma palepale.

Hatua ya 2. Tazama majina kamili:

describe, fullnames

Hatua ya 3. Badilisha jina na uweke lebo papo hapo, usiseme utarudi:

rename elimu_ya_mkuu_wa_kaya_mwaka_2022 mk_elimu22
label variable mk_elimu22 "Elimu ya mkuu wa kaya, 2022"

Lebo inabeba hadi herufi 80. Mimi hutumia mk_ kwa mkuu wa kaya, mw_ kwa mwenza, na mwaka hukaa mwishoni. Majina yangu hayavuki herufi 12, ili hata nikitanguliza ln_ (ya logi) yasomeke.

Mwaka kukaa mwishoni kuna faida yake. Ukiwa na mk_elimu19 na mk_elimu22, amri hii inaupa kila mwaka mstari wake:

reshape long mk_elimu, i(kaya_id) j(mwaka)

Data za DHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya) ziache kama zilivyo. v012 ni umri wa mhojiwa, v106 ni kiwango cha elimu; ukizibatiza upya, amri ulizopewa na wenzako hazitafanya kazi. Ukisahau jina kama v012, amri ya lookfor hutafuta kwenye majina na kwenye lebo pia. Lebo za DHS ni za Kiingereza, kwa hiyo andika:

lookfor age