Picha ya darubini ikicheza, anza na pampu

Usikimbilie programu inayoongoza mota za darubini. Mimi huzima mashine moja moja: feni, pampu za kupoozea, kisha vipozea vya kamera, huku nikitazama kipimamtetemo kilichofungwa nyuma ya kioo. Ukiona mtetemo wa hezi 48 au 49 (yaani mara 48 au 49 kwa sekunde) na umeme wako ni wa hezi 50, shuku mota ya kawaida. Huzunguka polepole kidogo kuliko kasi ya umeme wenyewe.

Ukiipata pampu yenye mota hiyo, ikalishe juu ya raba. Bomba lake nalo liwe la kunyumbulika, kwani bomba gumu hurudisha mtetemo wote uliouzuia. Hapo ndipo mafundi wengi hukwama.

Nguzo ya zege ya darubini isiguse msingi wa kuba, yaani jengo linaloifunika. Ndivyo zilivyojengwa darubini kubwa za VLT (Very Large Telescope) kule Paranal, Chile, zenye vioo vya mita 8.2.

Kulenga kuje baadaye. Kaza boliti kwanza. Hesabu haisahihishi kioo kinachoteleza. Kisha lenga nyota zilizotapakaa angani, zikiwemo za chini, maana chuma hujipinda kadiri darubini inavyoinama. Andika kosa la kulenga kila nyota, uiachie kompyuta ikokotoe masahihisho. Ukibadilisha kamera, rudia.