Shemeji wa Lunga Lunga akishikwa Tanga

Shemeji zangu ni Wadigo wa Kenya. Kwao kuvuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania ni kama kwenda kisimani. Mmoja akishikwa, nachukua Katiba ya Tanzania ya 1977 na kutafuta neno moja: ibara inasema "kila mtu" au "kila raia"?

Ya 15, uhuru, ni ya kila mtu. Hakuna kukamatwa nje ya utaratibu wa sheria. Ya 13 inapiga marufuku mateso, na mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike. Basi uliza kwa upole, ukishaamkia: kosa gani? Andika jibu na saa.

Ya 17, kwenda na kuishi utakako, ni ya raia. Hapo usibishane (shemeji mdogo alibishana, tukalala benchini). Toa pasi yenye muhuri.