Nyaraka za Kila Awamu: Namna ya Kujenga Mfumo wa Taarifa Hatua kwa Hatua

Anayejenga mfumo wa taarifa wa kompyuta kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine hana budi kuandika, na uandishi huo hausubiri mwisho wa kazi. Kila awamu ina waraka wake, na waraka huo ndio unaotumiwa kuanzia awamu inayofuata: msanifu husoma kilichoandikwa na mchambuzi, anayefanya majaribio husoma mahitaji yaliyosainiwa na mteja, na fundi atakayeitwa miaka 3 baadaye husoma yote. Katika kazi zangu hapa Dar es Salaam nimeshuhudia miradi ikikwama wakati programu yenyewe inafanya kazi vizuri, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha kwa maandishi ni nini hasa kilichokubaliwa.

Mfano nitakaoufuata ni duka la jumla la khanga na vitenge Kariakoo, lenye stoo mtaa wa pili, ambalo mwenyewe anataka mfumo wa mauzo, stoo na madeni.

Hatua ya 1: Upembuzi yakinifu

Waraka huu uwe mfupi, kurasa mbili au tatu zinatosha. Andika tatizo lililopo, gharama inayokadiriwa, jina la mwenye mamlaka ya kuamua, na zaidi ya yote mipaka ya mfumo. Kwa duka letu andika wazi kwamba mishahara ya wafanyakazi haimo. Jambo lisilotajwa kuwa liko nje ya mipaka, mteja atalihesabu kuwa limo, na hatakuwa na kosa.

Hatua ya 2: Waraka wa mahitaji

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nashauri muda mrefu zaidi utumike hapa kuliko wengi wanavyodhani. Kaa na keshia, kaa na mtunza stoo, kisha ndipo ukae na mwenye duka, kwa sababu anayesimulia namna kazi inavyopaswa kwenda na anayeifanya kila siku mara nyingi husimulia mambo mawili tofauti. Omba kuona karatasi zao: daftari la madeni, risiti za mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi), hati za kupokelea mizigo. Kila safu ya daftari ina sababu yake. Uliza sababu hiyo hata kama inaonekana dhahiri.

Baada ya hapo andika kila hitaji kwa sentensi moja na ulipe namba. Hitaji linalosema "mfumo uwe wa haraka" halipimiki, hivyo haliwezi kukubaliwa wala kukataliwa. Liandike hivi: "M-07: Keshia aweze kukamilisha mauzo ya bidhaa 5 tofauti ndani ya dakika 2." Usisahau mahitaji yasiyo ya kiutendaji, kama vile nani anaruhusiwa kuona faida, na umeme ukikatika katikati ya mauzo nini kinabaki na nini kinafutika. Kama duka litatunza namba za simu au za vitambulisho za wateja wanaokopa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaingia katika waraka huu moja kwa moja: eleza taarifa zipi zinachukuliwa, kwa sababu gani, na zitatunzwa kwa muda gani.

Waraka huu uandikwe kwa Kiswahili. Anayeusaini ni mfanyabiashara, na saini iliyowekwa juu ya maneno ambayo mwenye saini hakuyaelewa haimlindi yeye wala wewe.

Hatua ya 3: Waraka wa usanifu

Weka michoro miwili isiyokosekana: mchoro wa mtiririko wa data, unaoonyesha taarifa inatoka kwa nani na kwenda wapi, na mchoro wa uhusiano wa majedwali ya kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo. Lakini waraka ninaouthamini kuliko michoro yote ni kamusi ya data, yaani jedwali linaloeleza kila uga, yaani kila nafasi ya kujazia taarifa moja: jina lake, aina yake, urefu wake, thamani zinazokubalika na maana yake katika biashara hiyo.

Chukua uga wa "kiasi". Khanga huuzwa kwa doti, ambayo ni vipande 2, na kwa jumla huuzwa kwa korija, yaani 20. Je, ni korija ya vipande au ya doti? Mtunza stoo anajua anachomaanisha. Kanzidata haijui mpaka iambiwe. Kamusi iseme kipimo cha msingi ni kipi na vipimo vingine vinageuzwaje kuwa hicho, la sivyo hesabu ya stoo itapotoka bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini.

Chukua pia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20. Namba kamili ya biti 64, aina ambayo kwa kawaida kanzidata hutumia kwa namba kubwa, haiwezi kubeba tarakimu 20 zinazoanza na mwaka wa kuzaliwa, na Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba na kugeuza zinazobaki kuwa sifuri. Kwa hiyo kamusi iagize kwamba uga huu ni maandishi, kama ilivyo namba ya simu, ambayo hupoteza sifuri ya mwanzo ikihifadhiwa kama namba. Kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nacho kisifungwe ndani ya msimbo, yaani maagizo ya programu. Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, na mfumo uliosanifiwa vyema huweka kiwango katika jedwali pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, ili ankara za zamani zisibadilike.

Hatua ya 4: Uundaji wa programu

Hapa maandishi hukaa ndani ya msimbo wenyewe na katika historia ya mabadiliko. Maelezo yaseme kwa nini jambo limefanywa hivyo; namna linavyofanyika msimbo unaonyesha.

Wapo wanaoamini kwamba kujenga kwa vipande vidogo kunaondoa haja ya nyaraka. Sikubaliani nao. Kujenga kwa vipande kunabadilisha ukubwa wa waraka na wakati wa kuuandika, basi. Winston Royce, mtaalamu wa Kimarekani wa uundaji wa programu ambaye makala yake ya mwaka 1970 hutajwa kama chanzo cha kufuata awamu moja baada ya nyingine, alionya humo humo kwamba kupita awamu mara moja bila kurudi nyuma ni hatari, na bado alisisitiza nyaraka nyingi.

Hatua ya 5: Majaribio

Kila jaribio litaje namba ya hitaji linalolipima, data iliyoingizwa, matokeo yaliyotarajiwa na matokeo yaliyopatikana. Hitaji lisilo na jaribio halijathibitishwa.

Hatua ya 6: Kuhamia na kukabidhi

Madeni yaliyomo daftarini yahamishwe kwa orodha iliyosainiwa na mwenye duka, jumla ya daftari ikilingana na jumla ya mfumo. Kwa biashara yenye madeni napendekeza daftari na mfumo viende sambamba hadi hesabu za mwezi mzima zilingane. Mwongozo wa mtumiaji ugawanywe kwa kazi: wa keshia, wa mtunza stoo, wa mwenye duka.

Hatua ya 7: Matengenezo

Fungua rejista ya mabadiliko yenye tarehe, aliyeomba, aliyeidhinisha na waraka uliorekebishwa. Andika pia utaratibu wa kurejesha chelezo, yaani nakala ya akiba ya data, kisha umpe mtu ambaye hakuuandika, pamoja na kompyuta nyingine, arejeshe kanzidata bila kukuuliza swali. Kila anapokwama, rekebisha sentensi iliyomkwamisha na umwombe aanze upya.