Somo: Kuipima kibodi ndogo ya kimakanika isiyo na waya, hatua kwa hatua

Mtu akifungua boksi la kibodi mpya ya kimakanika, yaani yenye swichi yake chini ya kila kitufe, cha kwanza ni kuisikiliza. Anabonyeza hapa na pale, anasema "inalia vizuri", kisha anaipa nyota tano. Mlio ndio kitu chepesi kuliko vyote kubadilisha. Weka swichi nyingine, tandika sponji ndani, paka grisi kidogo, na sauti inakuwa mpya kabisa. Lakini mpangilio wa vitufe, redio iliyomo ndani na bodi ya saketi utabaki navyo hadi siku utakapoitupa.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na mazoea. Tunaanza na yale usiyoweza kuyarekebisha, mlio tutaufikia mwishoni kabisa. Fanya vipimo vyote ndani ya muda ambao muuzaji bado anakubali bidhaa irudi, na boksi usilitupe. Utahitaji kompyuta unayoitumia kila siku, simu au tableti, waya wa USB uliokuja na kibodi, rula, na ukurasa wowote wa intaneti unaoonyesha kitufe ulichobonyeza.

Hatua ya 1: Jua ni vitufe gani vimeondolewa

Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104. Ukiondoa zile namba za upande wa kulia vinabaki 87. Kuanzia hapo kwenda chini ndiko ziliko ndogo zetu: ya asilimia 75 huwa na vitufe 82 hadi 84, ya asilimia 65 huwa na 67 au 68 na haina safu ya F1 hadi F12, na ya asilimia 60 ina 61, hata mishale imekwenda. Asilimia hizi ni majina ya mazoea tu, usizitafute kwa rula.

Rula itumie hapa: pima kutoka katikati ya Q hadi katikati ya P. Kwenye kibodi ya kawaida, kutoka kitufe hadi jirani yake ni milimita 19.05, na kati ya Q na P kuna hatua tisa, kwa hiyo unatakiwa kupata kama milimita 171. Ukipata pungufu ya hapo kwa kiasi cha kuonekana, basi vitufe vyenyewe vimebanwa, na vidole vyako vitakosea kila siku.

Vitufe vilivyoondolewa havijafa, vimehamia chini ya Fn, kitufe unachokishikilia ili kingine kifanye kazi yake ya pili. Swali ni gharama yake. Siku moja ya kazi, andika kwenye karatasi kila kitufe ulichokigusa nje ya herufi na namba: Delete, Home, End, F2, Print Screen, mishale. Kisha jaribu kila kimoja kwenye kibodi mpya. Alt na F4 inageuka kuwa vidole vitatu. Kuchagua maandishi hadi mwisho wa faili, yaani Ctrl, Shift na End, inageuka vinne. Kama ni jambo unalolifanya mara moja kwa wiki, samehe. Kama ni kila dakika, rudisha. Waandishi wa programu waangalie pia kona ya juu kushoto: kwenye nyingi za asilimia 60 na 65, Esc imekaa mahali pa alama ya ~, na alama hiyo sasa inaombwa kwa Fn.

Angalia pia Shift ya kulia. Kwenye zenye mishale huwa imefupishwa ili mshale wa juu upate nafasi, na mtu aliyezoea kuibonyeza kwa kidole kidogo atajikuta anaruka mstari badala ya kuandika herufi kubwa.

Hatua ya 2: Ijaribu redio kwa ukatili

Hapa usiwe na haraka, maana ndipo kibodi nyingi nzuri kwa sura huanguka.

Kwa kawaida kuna njia tatu: waya, Bluetooth, na kipokezi kidogo cha USB kinachotumia masafa ya 2.4 GHz. Zijaribu moja moja. Kibodi inaweza kuwa bora kwa mbili na ovyo kwa ya tatu.

Bluetooth ya kuokoa nguvu, ambayo ndiyo huwamo kwenye kibodi nyingi za sasa, kwa kawaida haiwasiliani kwa vipindi vifupi kuliko milisekunde 7.5, yaani mara 133 hivi kwa sekunde. Vipokezi vingi vya 2.4 GHz hufika mara 1000. Kwa kuandika barua au ripoti tofauti hiyo huisikii. Kwa michezo ya kasi, tumia kipokezi au waya, usibishane na fizikia.

Jaribio la kwanza ni usingizi. Iache kibodi bila kuigusa mpaka ijizime kuokoa betri, halafu rudi uandike sentensi nzima bila kutazama kioo. Je, herufi za mwanzo zimefika? Kuna zinazomeza herufi mbili tatu za kwanza kila zinapoamshwa, na kama unaanza siku kwa kuandika nenosiri lisiloonekana, hiyo ni kero ya kila asubuhi. Angalia kama muda wa kulala unaweza kubadilishwa.

Jaribio la pili ni kuhama. Iunganishe na kompyuta na simu, kisha hama kutoka kimoja kwenda kingine mara kadhaa. Ikichukua sekunde moja au mbili ni sawa. Ikikulazimu kuunganisha upya kila mara, usiivumilie.

La tatu ni kelele za redio. Kipokezi ukikichomeka karibu na diski ya nje ya USB 3.0 inayofanya kazi, herufi zinaweza kupotea. Si uchawi: mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba USB 3.0 hutoa kelele katika masafa hayohayo ya 2.4 GHz. Kwa hiyo kabla hujailaumu kibodi, tumia waya wa kurefusha, usogeze kipokezi mbali na milango ya USB 3.0 na karibu na mikono yako. Kama kibodi ina kasha la alumini, geuza uangalie kama kuna sehemu ya plastiki mahali pa antena, kwa sababu metali inazuia mawimbi.

La nne wengi hulisahau: zima kompyuta, iwashe, jaribu kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kwa kawaida Bluetooth haifanyi kazi kabla mfumo endeshi (Windows, kwa mfano) haujawaka. Kipokezi na waya hufanya. Kama kibodi yako ni ya Bluetooth pekee, hakikisha ukichomeka waya inaandika, si kuchaji tu.

Na usalama, kwa ufupi. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ilionyesha kwamba vipokezi vya baadhi ya kibodi na panya viliweza kudanganywa na mtu aliye karibu, na kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zilikuwa zikirusha herufi hewani bila kuzificha. Kama mtengenezaji hasemi popote kwamba mawasiliano ya kipokezi chake yamesimbwa, mimi nenosiri la benki naliandika kwa waya.

Hatua ya 3: Vitufe virefu

Kitufe cha nafasi, Enter, Backspace na Shift vina vyuma vya kuvisawazisha chini yake, mafundi huviita stabilaiza. Bonyeza kila kimoja katikati, kisha ukingo wa kushoto, kisha wa kulia. Kisikwame, kisirudi kwa uvivu, kisitoe mlio wa chuma kinachochezacheza. Mlio huo hutibika kwa grisi. Kukwama au kuinama upande mmoja ni habari nyingine, hasa kama kofia yenyewe, ile plastiki ya juu unayoigusa, imepinda. Weka kofia ya kitufe cha nafasi juu ya kioo cha meza uone kama inayumba.

Ukiwa hapo, iweke kibodi nzima mezani na ukandamize kona zote nne. Mwili uliopinda haunyooki.

Hatua ya 4: Betri bila ndoto

Ukiona imeandikwa saa 200, tafuta maandishi madogo: mara nyingi ni taa zikiwa zimezimwa. Hesabu si ngumu. Betri ya mAh 4000 (mAh ni miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) ikidumu saa 200, kibodi inakula wastani wa miliampea 20. Sasa chukulia taa zinaongeza 100 juu yake: 4000 ugawe kwa 120, unapata saa 33. Taa ndizo mlaji, redio inadonoa tu. Ichaji ijae, itumie kwa mwanga unaoupenda wewe, uone inafika wapi. Kuna namna ya kujua chaji iliyobaki kabla haijakatika? Hilo kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa betri.

Hatua ya 5: Swichi

Kuna aina tatu: zinazoshuka moja kwa moja, zenye kigingi kidogo unachokihisi kidoleni, na zenye kigingi pamoja na mlio wa kubofya. Cherry MX Red, mfano unaotajwa sana wa aina ya kwanza, inahitaji nguvu ya sentinyutoni 45, inasajili kwenye milimita 2 na kushuka hadi 4. Andika ukurasa mzima, si maneno matatu. Swichi nyepesi zinafurahisha kwa dakika kumi, kisha unaanza kuona herufi ambazo hukuzikusudia.

Swali kubwa ni kama swichi zinachomoka kwa mkono au zimelehemiwa. Zikichomoka, kila kosa la hatua hii linatibika. Angalia kama tundu linapokea swichi za pini tano au tatu tu, na ujue kwamba swichi fupi za kibodi nyembamba haziingiliani na za kawaida. Unapoirudisha swichi hakikisha pini zimenyooka, maana zinapinda kimyakimya.

Hatua ya 6: Yaliyobaki

Kofia za plastiki ya ABS hung'aa mapema kwa mafuta ya vidole, za plastiki ya PBT huchelewa. Miguu ya mpira isiteleze. Haya, sasa sikiliza mlio wako.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi kazi yangu ni kuandika na kuhariri tu. Nichukue ya asilimia 60 au 65?

Jibu: 65, bila kufikiria mara mbili. Mhariri anaishi kwenye mishale. Tofauti ya upana ni safu moja ya vitufe, begi lako halitaijua.

Swali: Yangu herufi E inatoka mara mbili. Ni redio?

Jibu: Chomeka waya, uweke kwenye hali ya waya, uandike tena. Tatizo likipotea, ni redio, rudi hatua ya 2. Likibaki, ni swichi au bodi.

Swali: Nimefanya hivyo, limebaki hata kwa waya.

Jibu: Swichi zako zinachomoka? Badilishana swichi ya E na ya kitufe usichokitumia sana, mfano Scroll Lock kama unayo, au Pause. Tatizo likihama na swichi, nunua swichi moja. Likibaki palepale kwenye E, ni tundu au bodi, na hapo rudisha kibodi yenyewe, usianze kulehemu kitu chenye dhamana.

Swali: Nimeambiwa ninunue yenye VIA. Inasaidia nini kwenye simu?

Jibu: VIA ni programu inayokuwezesha kupanga vitufe upya, na mpangilio unahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe. Kwa kawaida unaupanga kwenye kompyuta kwa waya, ukimaliza unakwenda nao hata kwenye tableti. Zipo kibodi ambazo programu yake lazima iwe inaendeshwa kwenye kompyuta ndipo mpangilio ufanye kazi. Hizo ukihamia kwenye simu zinarudi kama zilivyozaliwa. Jaribu hivi: badilisha kitufe kimoja, kisha uhamie kwenye simu uone.

Swali: Viganja vinaniuma tangu nianze kuitumia. Ni kwa sababu ni ndogo?

Jibu: Angalia kimo kwanza. Kibodi za kimakanika zimenyanyuka kuliko za laptopu, na kiganja kinalazimika kupinda kwenda juu. Kunja miguu ya nyuma, weka kiegemeo cha viganja chenye kimo sawa na ukingo wa mbele, au shusha meza ama pandisha kiti. Ukihitaji yote matatu, tafuta nyembamba. Na maumivu yakiendelea, muone daktari, mimi ni mtu wa kibodi tu.

Swali: Nasafiri nayo kwa ndege, betri haitaleta shida?

Jibu: Zidisha: mAh 4000, yaani Ah 4, kwa volti 3.7 ni Wh (wati-saa) 14.8. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege bila kibali maalumu ni Wh 100. Ibebe kwenye mzigo wa mkononi, na uizime kwa swichi ya nyuma, isiwake ndani ya begi kila kitufe kinapokandamizwa na kumaliza chaji njiani.

Swali: Kwenye Mac vitufe vya Alt na Command vimebadilishana nafasi. Ni mbovu?

Jibu: Hapana. Tafuta swichi ya ubavuni au mchanganyiko wa Fn wa kuchagua kati ya Windows na Mac. Kama haina, kwenye mipangilio ya kibodi ya Mac unaweza kuvibadilisha kwa kibodi hiyo peke yake, na ya laptopu haiguswi.