Kamera mbili mkononi? Anza na lenzi

Wengi wanaoanza kupiga picha za harusi hapa Mombasa hukwama kati ya Nikon D3500 na Canon EOS 250D. Megapikseli zisikupotezee muda: 24.2 kwa 24.1, tofauti hiyo hakuna jicho litakaloiona. Lenye uzito ni lenzi utakazonunua baadaye. D3500 haina mota ya kulengea (ya kuifanya picha iwe wazi) ndani yake, kwa hiyo lenzi za Nikon za AF-D, zisizo na mota, kama ile 50mm f/1.8D ya bei nafuu, utazilenga kwa mkono, na bi harusi anayeingia ukumbini hakungoji. Itisha AF-S au AF-P, zenye mota ndani. Lenzi za Canon EF zina mota zao zenyewe.

Kwa video chukua 250D: ina tundu la maikrofoni na skrini inayogeuka, D3500 haina vyote viwili. Kwa betri Nikon yashinda, picha 1,550 kwa 1,070 kwa chaji moja, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani.

Ikiwa ni mtumba, mulika lenzi kwa tochi kabla hujalipa. Unyevu wa pwani yetu huzalisha kuvu ndani ya vioo, vijinyuzi kama utando wa buibui. Ukiviona, irudishe, hata muuzaji akikupunguzia.